Kibao cha Nyumba ya Pombe na Maana Yake

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wetu hukipita kila siku pasipo kukiangalia: kibao kitundikwacho mlangoni pa nyumba ya pombe, pamoja na karatasi zile zibandikwazo ndani ukutani.

Hatukuja kumhubiria mnywaji, wala kumsifia muuzaji. Wako kati yenu ambao dini yao imewaharamishia kileo. Wako waliojizuia kwa nadhiri. Na wako wanywao kwa kiasi baada ya kazi. Neno tulilo nalo lawahusu wote, kwa kuwa hata asiyekunywa ana mtoto, ana ndugu, ana jirani, naye hupita njia ile ile.

Swali letu ni hili: Kibao kile kimewekwa kwa ajili gani? Ukimwuliza mpita njia atakujibu, "Kimewekwa ili kumwita mnywaji." Jawabu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya kweli, tena nusu iliyo ndogo. Wazee wetu wamesema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ikiwa kazi ya kibao ni kuuza tu, mbona sheria za nchi nyingi zamlazimisha muuza pombe kuwa nacho? Hakuna mfanya biashara ahitajiye kulazimishwa ili atangaze mali yake. Twataka kuwaonyesha kwamba sheria iliamuru kibao ili kumfunga muuzaji, na kwamba kibao hicho hakina nguvu yo yote ikiwa hakuna mtu akisomaye.

Kwanza tukubali kwamba alama za kumwita mnywaji zipo kila mahali, na Afrika inazo zake tangu kale. Katika nchi ya Ethiopia, mwenye kuuza tela, yaani pombe ya nafaka ipikwayo nyumbani, husimika mti mbele ya nyumba na kufudikiza kikopo juu ya ncha yake. Katika milima ya Lesotho hutumika bendera: nyeupe huonyesha pombe ya mtama, ya njano huonyesha pombe ya mahindi, nyekundu ni nyama, na ya kijani ni mboga. Mgeni asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kujua nyumba gani ina nini. Alama hizo ni nzuri, nazo zamtumikia mnunuzi. Walakini hazimwambii ni nani aliyepika, wala ni nani aliyemruhusu kuuza, wala ni nani atakayeulizwa kukiwa na madhara.

Sasa twendeni Uingereza, kwa sababu sheria za vileo za Afrika ya Mashariki zimetoka huko kwa sehemu kubwa. Zamani sana, mwanamke wa Kiingereza aliyepika pombe ya shayiri nyumbani kwake alitokeza nje ufito mrefu wenye kitita cha majani kwenye ncha. Watu waliouona ufito huo walijua ya kuwa pombe ni tayari. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kuuona kabla ya wanywaji wote, naye ni mwonja pombe, aliyewekwa kwa kiapo. Tangu karne ya 13 sheria ya Uingereza ilipanga bei ya mkate na ya pombe, na kazi ya mwonja ilikuwa kuhakikisha kwamba pombe ni njema, kipimo ni cha haki, na bei ni ile iliyoamriwa.

Mtaelewa upesi kwa nini kazi hiyo ilihitajiwa. Sisi wenyewe twasema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Waingereza nao walikuwa na wagema wao. Basi ufito ule, ambao wapitao waliuona kuwa mwito, kwa mpishi ulikuwa wito wa hukumu, kana kwamba alisema, "Nimepika, njoni mnipime." Na aliyeficha pombe yake asiweke ufito alihesabiwa kuwa ana jambo analoliogopa.

Ufito nao ukawa na makosa yake. Kila mmoja alitaka wake uwe mrefu kuliko wa jirani, hata fito zikajaa juu ya vichwa vya wapanda farasi. Kwa hiyo mwaka 1375 mji wa London uliamuru kwamba ufito usitokeze juu ya njia ya Mfalme zaidi ya futi 7, na atakayevunja amri alipe faini ya peni 40 na kuuondoa. Kisha mwaka 1393, katika enzi ya Mfalme Richard II, likaja neno kubwa zaidi: wauza pombe walilazimishwa kutundika kibao, ili mwonja pombe aitambue nyumba na kuikagua. Tazameni basi jambo lilivyo: muuzaji aliruhusiwa kuuza, lakini hakuruhusiwa kujificha.

Kwa kuwa watu wengi wa siku hizo hawakujua kusoma, vibao vilitiwa picha. Wengine walichora kulungu mweupe, aliyekuwa alama ya Mfalme huyo Richard, na hata leo ziko nyumba nyingi za pombe katika Uingereza zenye jina hilo. Baadaye ushindani ukazidi. Vibao vikawa vikubwa mno, vikining'inia kwa vyuma vizito. Mwaka 1718, karibu na Fleet Street katika London, kibao kimoja kilianguka kwa uzito wake, kikavuta ukuta wa mbele wa nyumba, na watu 4 waliokuwa chini wakafa. Katika miaka ya 1760 London ikaamua kwamba vibao vibandikwe bapa ukutani, visining'inie tena njiani. Ndivyo mambo yaendavyo: kitu kilichoamriwa ili kiwalinde watu, kikiachwa kwa tamaa ya biashara, chaweza kuwaua.

Karne ya 19 ilileta amri ya namna ya pili. Sheria ya nyumba za pombe ya mwaka 1830 ilimtaka kila mwenye leseni ya kuuza pombe ya shayiri aandike juu ya mlango jina lake kamili, pamoja na maneno ya kuonyesha kwamba ameruhusiwa kuuza. Sheria iliyofuata mwaka 1834 ikatofautisha nyumba ambayo watu huruhusiwa kunywea mle mle, na ile ambayo hununua na kwenda zao. Na tofauti hiyo nayo iliandikwa pale juu. Picha ya kulungu haitoshi tena. Kulungu hawezi kushitakiwa. Mtu mwenye jina ndiye awezaye kuitwa mbele ya hakimu.

Amri ya namna ya tatu ni ya siku za karibu zaidi, nayo humhusu mnywaji mwenyewe na afya yake. Mwaka 1973, waganga wawili wa mji wa Seattle, Kenneth Jones na David Smith, waliandika juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za uso, za ukuaji na za akili, kwa sababu mama zao walikunywa sana walipokuwa na mimba. Mwaka 1983 mji wa New York ukaamuru mahali pauzwapo vileo pawekwe tangazo la kuwaonya wajawazito. Mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya Marekani yote, na kuanzia Novemba 1989 onyo likapigwa chapa juu ya kila chupa. Basi kibao kimepata kazi tatu: kumwita mkaguzi, kumtaja muuzaji, na kumwonya mnywaji.

Natugeuke sasa tuangalie kwetu. Sheria za Kiingereza zilivuka bahari pamoja na utawala wake, lakini huku zilitiwa jambo jingine, nalo ni asili ya mtu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka makatazo na ushuru juu ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa Kenya alikatazwa vileo vikali vya Kizungu. Mlango wa baa ya mjini haukumwuliza mtu umri wake, bali rangi yake. Twalitaja hilo kwa sababu lilizaa fikira mbaya iliyodumu, kwamba sheria ya vileo ni sheria ya mwenye nguvu juu ya mnyonge, na kwamba kuikwepa ni ujanja wa kusifiwa. Fikira hiyo imetugharimu sana.

Uhuru ulipokuja, ubaguzi huo uliondoka, lakini pombe ya kujificha haikuondoka. Mwaka 1980 Kenya iliipiga chang'aa marufuku kabisa. Kusudi lilikuwa jema. Lakini kitu kilichopigwa marufuku hakiwezi kuwa na kibao, wala leseni, wala mkaguzi, wala jina la mpishi. Watu hawakuacha kunywa, waliingia vichochoroni. Na mle gizani wako waliotia katika pombe kitu kiitwacho methanoli, ambacho ni kileo cha viwandani kitumiwacho kuyeyushia rangi na gundi.

Yafaa vijana wajue jinsi sumu hiyo ifanyavyo kazi. Methanoli yafanana na kileo cha kawaida kwa macho na kwa ladha. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi iitwayo fomiki, nayo hushambulia mishipa ya macho. Dalili zaweza kuchelewa nusu siku au siku nzima. Mtu hulala akidhani amelewa tu. Huamka akiwa kipofu, au haamki. Hospitali inazo dawa za kuzuia sumu hiyo isigeuke, na njia ya kuisafisha damu, lakini mgonjwa hana budi kufikishwa upesi, na jamaa zake wasione haya kusema alikunywa nini.

Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa iliuzwa shilingi 10 tu. Mei 2014, katika kaunti kadha wa kadha za Kenya, watu zaidi ya 60 walikufa vivyo hivyo, na wengine wakapoteza macho yao. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai huko Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa. Hao walikuwa waume, wana na ndugu za watu. Mashamba yao yapo, na watoto wao wapo.

Katikati ya misiba hiyo ilitungwa sheria ya mwaka 2010 ya kusimamia vileo katika Kenya, ambayo watu wameizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, kwa kuwa Bwana John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeipeleka Bungeni. Sheria hiyo iliifuta ile marufuku ya chang'aa, si kwa kuwa chang'aa imekuwa njema, bali kwa kuwa watunga sheria waliona afadhali kitu kitengenezwe mwangaza, chini ya leseni, katika chupa yenye maandishi. Ndani ya sheria hiyo twazikuta kazi zote tatu za kibao.

Kwanza, leseni yenyewe iliamriwa itundikwe mahali pa wazi katika nyumba ile ambayo imetolewa kwa ajili yake, na asiyeitundika amefanya kosa. Leseni iliyofungiwa sandukuni haimsaidii mnunuzi. Tena, na hili ni neno la kuangaliwa sana, mtu yeyote aachaye katika nyumba yake maneno, herufi au alama za kudanganya watu kwamba ana leseni, hali hana, naye amefanya kosa. Kwa hiyo sheria yahesabu kibao cha uongo kuwa hatia peke yake, hata kabla ya kuuza kikombe kimoja.

Pili, muuzaji aliamriwa aweke tangazo la kuwajulisha watu kwamba ni marufuku kumwuzia au kumpa kileo mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Saa za baa ziliwekwa: siku za kazi, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku. Nayo nyumba ya pombe ilitakiwa iwe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Tatu, juu ya chupa au chombo cho chote cha kileo yaliamriwa maonyo ya afya yasiyopungua mawili, nayo yachukue si chini ya asilimia 30 ya eneo lake.

Huenda msikilizaji mmoja akatuambia, "Waalimu, maneno hayo ni mazuri karatasini. Sisi twaishi na baa iliyo jirani ya shule. Kibao kipo, na chini yake ameketi mtoto wa miaka 14 na chupa mkononi." Hatuwezi kumkana. Tena twaongeza jambo zito zaidi: kibao hakina pua, nacho hakinusi sumu. Mlango waweza kuwa na maandishi yote yatakiwayo, na ndani mwake pombe ya kuua. Anayewaambia kwamba kibao ni dawa ya kila baya anawadanganya.

Basi faida yake ni ipi? Faida yake ni kwamba kibao chatoa mahali pa kushika. Mtu akiugua kwa kinywaji kilichouzwa penye jina, nambari na leseni, liko jina la kuita. Liko baraza la leseni la kaunti, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imeziweka leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti. Iko chupa yenye jina la kiwanda. Penye kichochoro pasipo jina, waliofiwa huzika na kunyamaza, na mpishi huhamia kijiji kingine. Ahadi iliyoandikwa mbele ya watu si sawa na ahadi iliyonong'onezwa. Ile ya kwanza yaweza kudaiwa.

Lakini nani atakayeidai? Hapa ndipo neno letu lilipofika. Mwonja pombe wa kale alikwisha ondoka, na mkaguzi wa Serikali ni mmoja kwa vijiji vingi. Msomaji wa kibao leo ni wewe. Mwenye kuingia katika nyumba hiyo, na hata apitaye nje, ajiulize maswali haya machache. Leseni iko wapi, na je, imetundikwa au imefichwa? Jina lililo juu yake ni la nyumba hii, au ni la nyumba nyingine? Mwaka wake umekwisha? Tangazo la umri lipo, na je, lafuatwa? Chupa ina jina la mtengenezaji na onyo, au ni chupa iliyokwisha funguliwa na kujazwa tena? Kizibo chake kimevunjwa? Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa. Yahitaji macho, na ujasiri kidogo wa kusema, "Hapa sinunui."

Kwa wazazi tuna neno moja la peke yake. Mzazi amtumaye mtoto kuleta chupa ya pombe anamfundisha mambo mawili kwa safari moja: njia ya kwenda baa, na kwamba maneno yaliyoandikwa ukutani hayana maana. Mtoto huyo amefundishwa kusoma shuleni asubuhi. Jioni baba yake amfundisha kutojali alichokisoma. Sisi waalimu hatuna nguvu ya kushindana na somo hilo. Na muuzaji amwuziaye mtoto kwa kisingizio kwamba "ametumwa na mzee" ajue ya kuwa sheria haikumwuliza mtoto ametumwa na nani. Ilimwuliza ana umri gani.

Kwa wanafunzi twasema hivi: kusoma hakukomi mlangoni pa darasa. Mkipita njiani, someni vilivyoandikwa. Mkiona tangazo limefutika, au limebandikwa juu chini, au limefunikwa na picha ya kutangaza bia, msiende kugombana na mwenye nyumba, kwa kuwa ninyi ni vijana na si kazi yenu. Mwambieni mwalimu, au mzazi, au mzee wa mtaa, naye ana mahali pa kulipeleka neno hilo.

Walio Wakristo kati yenu watamkumbuka Mfalme Belshaza, aliyefanya karamu kubwa ya mvinyo pamoja na wakuu wake elfu, hata mkono ukatokea ukaandika ukutani mbele yao wote. Maandishi yalikuwapo, taa zilikuwa zikiwaka, macho yalikuwa mengi. Lakini hakupatikana katika karamu ile mtu mmoja wa kuyasoma, hata alipoitwa Danieli, na usiku ule ule mfalme akauawa.

Katika nyumba zetu za pombe maandishi yapo ukutani, tena kwa herufi tunazozijua. Kesho mkipita sokoni, simameni kidogo mbele ya mlango wa kwanza wenye kibao, mkakisome chote, kutoka jina la juu hadi nambari ya chini. Kisha mwangalie ndani kama yaliyoandikwa ndiyo yanayotendeka.